Jinsi ya Kuendesha Warsha ya Nguo Kuukuu Bila Kumfundisha Mtu Kushona

Una ukumbi, una kiu ya kusaidia jamii, na tayari umeshaiona picha yako kwenye jalada la ripoti. Hongera. Kufundisha watu kubuni vitu kwa nguo kuukuu ni kazi nzuri sana, mradi usiifanye. Sogea karibu nikunong'oneze. Hapa Nairobi mambo haya yana utaratibu wake.

1. Anza na fulana. Kabla hujanunua hata pini, agiza fulana mpya za washiriki, jina la mradi kifuani, jina lako mgongoni. Ndiyo, mpya. Mtu aliyekuja kujifunza kupunguza taka za nguo asipoondoka na nguo ya ziada, majirani watajuaje kwamba alihudhuria?

2. Liepuke soko la mitumba la Gikomba. Malighafi yenyewe iko huko, kwenye fagia: mabaki ya robota baada ya wateja wa kamera, yaani daraja la kwanza, kuondoka na nguo safi, na wengine kuchagua na kuchagua tena. Fagia ni bei ya kutupa, lakini ina madoa na zipu mbovu, na inataka kupangwa, kufuliwa na kufumuliwa. Mtaka cha mvunguni huinama, na wewe una mgongo wa mkurugenzi. Pitia Biashara Street, nunua kitenge kipya, kikate vipande, uviite mabaki. Vinapendeza zaidi pichani, na risiti yake inasomeka.

3. Usimwite fundi. Kila mtaa una fundi wake barazani na cherehani ya kukanyaga. Miaka yote amekuwa akigeuza kola, akipunguza suruali za mitumba kiunoni na kutoa sketi mbili za watoto kwenye gauni moja la mama, na hajawahi kumwandikia mfadhili hata barua. Ukimwita, siku imeharibika. Atachomoa uzi kwenye nguo, awashe kiberiti, awaonyeshe: wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta unajikunja, unayeyuka, unabaki kitone kigumu. Kisha ataeleza ni kitambaa kipi hakitastahimili pasi ya moto. Kina mama watamzunguka na maswali, na muda wote huo hakuna atakayekutazama wewe. Badala yake lete mbunifu mwenye miwani mikubwa. Huyo atazungumza juu ya kipaji chake mpaka chai iletwe.

4. Chagua mkoba wa jinzi, na uubandike. Jinzi haina mchezo: pindo zikipandana zinataka sindano nene, namba 16, na mkono usio na haraka. Namba 11 uliyoikuta kwenye cherehani itakatika kwenye mshono wa kwanza. Kwa nini uteseke? Tumia gundi. Gundi hushika mpaka mpiga picha aondoke. Hakikisha tu mkoba unabebwa mtupu. Mtu akiutia pakiti moja ya unga ya kilo mbili, atabaki na mkanda begani na ugali sakafuni.

5. Hutubu, lakini ujue pa kukomea. Taja mwaka 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipoazimia kuachana na mitumba ifikapo 2019. Tua hapo, ngoja makofi. Usiendelee kusema kwamba Marekani ilitishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika, kwamba Kenya ilirudi nyuma, na kwamba Rwanda, iliyoshikilia ushuru wake wa mitumba, ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Ukifika huko, wauza mitumba waliokaa nyuma wataanza kuuliza wewe uko upande gani.

6. Lizime swali la bei. Daima yuko mama mmoja atakayeinua mkono: "Sasa huu mkoba nimuuzie nani, na kwa pesa ngapi?" Huyo ni hatari. Ukimjibu sawasawa itabidi muhesabu zipu, bitana, uzi na saa alizokaa hapo, na hesabu haipendezi pichani. Mwambie, "Tutawaunganisha na masoko," kisha tangaza mandazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; chako kitembeze hadi kwenye maonyesho, mfadhili akinunue kwa huruma.

7. Ficha makapi. Vipande vilivyobaki fundi angevijaza kwenye mito au kuvisokota viwe zulia la mlangoni. Wewe tia kwenye gunia, gunia nyuma ya ukumbi, kisha mtoni giza likiingia. Mto Nairobi umezoea. Kwenye ripoti andika: "Hatukuzalisha taka."

8. Gawa vyeti. Karatasi nene, muhuri mwekundu, saini yako kubwa kuliko jina la mshiriki. Na ikitokea mmoja wao akaenda nyumbani, akabandua gundi yote, akashona upya na kuanza kuuza, usimwonee haya: mwite "matunda ya mradi" na umpigie simu ukihitaji picha nyingine.

Lakini kama umesoma mpaka hapa ukiwa kweli unataka watu wajue kushona, samahani, mwongozo huu si wako. Wewe mtafute yule fundi wa barazani, mlipe posho uliyomtengea mgeni wa heshima, nunua sindano namba 16 za kutosha, kisha kaa nyuma, kimya.