Kisiki Kimechipua, Mimi Bado

Binti yangu yuko Stuttgart mwaka wa tatu sasa, na kila ifikapo Machi huniletea habari za maua. Mwaka huu ameniletea na falsafa juu yake. Ujumbe wa sauti, dakika nne na nusu, umenikuta barazani na kipepeo cha ukindu mkononi, najipepea kama muuza mishikaki. Ametoka kutembea bustanini, theluji imeyeyuka, ameona kiua cheupe kimetoboa udongo, machozi yakamlenga. "Baba, nikajiona mimi pale. Nimekua. Na wewe huko Kikambala, dalili zako za kuchipua ni zipi?"

Dalili zangu! Mtoto niliyemfunga nepi leo ananitahini.

Kwanza, huku majira hayo ya kuchipua hayapo. Shuleni tulikariri masika, kipupwe, kiangazi na vuli, mwalimu akigonga meza kwa rula, na ya kuchipua hayakuwamo. Pwani tunakwenda kwa pepo: kaskazi tangu Desemba hivi, kisha kusi ikishika Aprili na kutujazia mwani ufuoni. Hapo katikati hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti. Bahari imelala kama uji uliopoa, maji yakipwa unakaribia kufika mwambani kwa miguu, na shati limekuganda mgongoni tangu saa mbili asubuhi. Chochote kinachothubutu kuchipua wakati huo kinaungua.

Waajemi wao wanayo sikukuu yao ya kuchipua, Nowruz, Machi hii hii. Jina likavuka bahari likatufikia, tukaliita Nairuzi. Lakini hesabu yetu ilikuwa ya siku 365 kavu, bila ile siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, basi ikateleza kidogo kidogo, karne kwa karne, hata leo wenzetu wa Makunduchi, Unguja, wanakoga Mwaka mwezi wa Julai, kwenye kipupwe. Yaani hata hayo majira yalipofunga safari kuja kwetu, yalipotea njia.

Halafu mbayuwayu. "Baba, mbayuwayu wanarudi!" Wanarudi kutoka wapi? Wenzao tulikuwa nao hapa tangu Oktoba, wamejipanga kwenye nyaya za stima barabara ya Malindi, wanakula wadudu wetu na kunichafulia kofia. Ni kama wale wazee wa Kizungu wenye nyumba ufuoni: baridi ikianza kwao hao wamefika, Pasaka ikinukia wanafunga madirisha na kumwachia askari funguo na paka. Kwa binti yangu hiyo ni dalili. Kwa muuza samaki wetu ni wateja waliohama.

Nikiri faida moja. Jumapili ya mwisho ya Machi, Wajerumani husogeza saa zao mbele, tofauti yetu ikashuka kutoka saa mbili hadi moja. Simu zilizokuwa zikiniamsha saa tano za usiku sasa zinaniamsha saa nne.

Lakini mzazi akiulizwa na mwanawe hujitahidi. Nikajitazama kiooni kutafuta kilichochipua. Nilikiona: nywele za masikioni. Kichwani kiangazi, masikioni masika. Nikatoka uani. Mwembeni limebaki embe moja, na hilo kunguru amelianza. Kwenye kona ya ukuta kuna kisiki cha mkilifi, ule ambao wengine huuita mwarobaini. Mwaka jana niliukata kwa sababu majani yake yaliziba mlizamu wa paa. Nililipa shilingi 3,000 kwa kijana mwenye msumeno wa mashine, na siku ile nikamwahidi Mama Watoto kwamba naukata pamoja na ukali wangu. Sitafoka tena. Nilisema hivyo mbele ya watu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ikanyesha. Binti asingeamini kasi yake. Magharibi ya siku ya pili kumbikumbi walivamia taa ya barazani, wakadondosha mbawa kwenye sima yangu. Asubuhi majongoo meusi, manene kama kalamu ya mwalimu, yakaandamana kuelekea bafuni, na vyura wakahamia kwenye kata ya maji. Vumbi la barabara inayopanuliwa likageuka tope, na bodaboda wa Majengo akapandisha nauli palepale, kabla hata sijauliza. Siku ya nne mchunga ukatokeza kando ya ukuta wa jikoni, majani membamba yenye meno, mororo bado. Mama Watoto akauzungushia matawi ya miiba. Mchunga ni mchungu kweli, lakini ukichemshwa maji yakamwagwa, ukatiwa tui, sima hushuka yenyewe. Mboga hiyo alikuwa ameipangia chakula cha Jumapili, na mtu asiiguse.

Kisiki nacho kimechipua. Kila upande, vichipukizi vya rangi ya shaba, ving'aavyo, vingi kuliko matawi niliyoyalipia.

Nimekaa nakitazama, akaingia beberu wa jirani. Huyu huja kila siku saa nne bila kukosa, na kila siku sauti yangu husikika hadi barabarani. Safari hii alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki akaanza kukwanyua vichipukizi. Nikanyamaza. Kwa nini nimfukuze fundi anayefanya kazi bure?

Mama Watoto akachungulia dirishani. "Mzee, hujambo leo? Mbona hufoki?"

Nikaona hapa ndipo pa kujipatia alama. Nikachukua simu, nikabonyeza kipaza sauti, nikalainisha koo. "Mwanangu, umeniuliza dalili. Nikwambie, hata babako amechipua. Hivi ninavyosema beberu yuko uani mwangu, nami nimetulia tuli. Zamani ningepiga kelele. Sasa nimejifunza kwamba subira, mwanangu, ni kama..."

Mkilifi ni mchungu kuliko mchunga. Beberu aliligundua hilo alipofika kwenye kichipukizi cha tatu. Akatema, akatikisa ndevu, akainua shingo juu ya miiba.

Yaliyofuata yapo yote kwenye ujumbe: matusi mawili ya Kigiriama, kandambili ikigonga ukuta, Mama Watoto akilia, "Mboga yangu!" na mlio wa beberu akiondoka na shada mdomoni. Nilipokumbuka simu, kidole kilikuwa kimeshaachia. Nikakimbilia kuufuta.

Alama mbili, tayari za buluu.