Viza ya Mtu Mmoja, Faili la Ukoo Mzima

Mjini Hyderabad, kijana akimaliza shahada ya uhandisi huulizwa maswali mawili tu. La kwanza: viza umepata? La pili: kama bado, unangoja nini? Majirani huuliza, kinyozi huuliza, na mjomba aliyekuja msibani huuliza kabla hajavua viatu. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24, wanafunzi wa Kihindi katika vyuo vya Marekani walifika 331,602, wakawapita Wachina kwa mara ya kwanza tangu 2009. Ukikaa Hyderabad utaapa kwamba wote wametoka mtaa wenu.

Mimi nilikuwa Mtanzania niliyekwenda India kusoma, nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya familia moja ya Kitelugu, eneo la Tarnaka. Kijana wa nyumba, ambaye nilimwita Mhandisi na yeye akaniita Tanzania, alikuwa amepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Texas. Kwa kuwa chini ya paa lile hakuna mwingine aliyewahi kuvuka mpaka kwa viza ya mwanafunzi, baba mwenye nyumba aliniteua kuwa mshauri. Nilijaribu kumweleza kwamba viza yangu ilikuwa ya kuingia India, nchi ambayo wao tayari wamo. Hakuona tofauti.

"Viza ni viza," alisema, "na yako ilitoka."

Kiini cha mtihani wote huo ni sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), ambacho vijana wa Hyderabad wanakijua kwa moyo. Kinasema mwombaji achukuliwe kuwa anakwenda kuhamia kabisa, mpaka mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Kwa hiyo kijana athibitishe kwamba ana hamu kubwa ya kwenda, kisha athibitishe kwamba huko aendako hatakaa. Wakala wetu wa viza alikuwa na ofisi Ameerpet, mtaa ambao kuta zake zimefunikwa na mabango ya masomo ya kompyuta na mitihani ya Kiingereza hata huoni rangi ya nyumba. Alimwandikia Mhandisi jibu la kukariri: "Nina mafungamano madhubuti na nchi yangu, ya kifamilia na ya kiuchumi." Mhandisi alilikariri bafuni, akalikariri ndani ya metro, akalitamka usingizini. Kumbe mafungamano yenyewe yalikuwa jikoni, yanamsikiliza.

Mama yake, ambaye sote tulimwita Amma, alipoelezwa kwamba serikali ya Marekani ina shaka kama mwanawe ana watu nyumbani, alinyanyua kichwa kutoka kwenye dengu. "Wana shaka? Basi tutawapelekea ukoo." Akanunua faili kubwa la plastiki, na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyopita ndani ya nyumba ile ikanusurika.

Kizaazaa cha kwanza kilikuwa jina. Watelugu hutanguliza jina la ukoo, na mara nyingi hulifupisha liwe herufi moja tu. Aliyejaza pasipoti ya Mhandisi miaka hiyo alirundika majina yote katika nafasi ya jina la ukoo, na nafasi ya jina lake mwenyewe ikabaki tupu. Fomu ya viza, ile DS-160, haikubali nafasi tupu. Mwenye pasipoti ya namna hiyo huandika herufi tatu, FNU, maana yake jina la kwanza halijulikani. Amma alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Halijulikani kwa nani? Kuhani alihesabu nyota usiku kucha. Tuliliandika kwenye mchele mbele ya watu. Leo halijulikani?"

Kurekebisha pasipoti kungechelewesha safari mpaka muhula umpite, kwa hiyo akameza hasira. Dada yake mdogo Mhandisi, yeye, hakuwa na sababu ya kumeza chochote. "Fnu, chai tayari! Fnu, umeacha taulo kitandani!" Bibi, ambaye masikio yake yalikwishaanza kuchagua ya kusikia, akalidaka akidhani ni cheo, akawatangazia majirani kwamba mjukuu wake amekuwa Fnu hata kabla ya kuondoka.

Zikafuata fedha. Chuo hutuma hati iitwayo I-20, inayoonyesha gharama za mwaka, na familia huonyesha zitatoka wapi. Baba alikuwa na mkopo wa elimu wa benki na akiba ya laki kadhaa za rupia, ila wakala akashauri kwamba mhasibu aandae pia tamko la mali yote. Mhasibu akafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa mno. Aliandika nyumba, bima, dhahabu ya Amma kwa gramu, shamba la miembe kijijini, na mwishoni kabisa kiwanja cha Shamshabad, karibu na uwanja wa ndege. Amma alikuwa akitusomea orodha kwa sauti, kwa fahari, mpaka akafika hapo.

"Kiwanja gani?"

Baba akakumbuka kwamba skuta haijaoshwa. Aliiosha mpaka magharibi.

Kitu ambacho kwa miaka mingi hakikujulikana hata na mke sasa kilikuwa kimepigwa muhuri katika nakala tatu. Moja iliachwa mezani siku ambayo wageni walikuja, na kabla ya wiki kwisha binamu mmoja akaja na mpango wa biashara ya kamba wa kufuga, na mwingine na harusi ya binti isiyokuwa na ukumbi. Wote walianza kwa kumpongeza Baba kwa maendeleo yake. Baba alitaka kuwashawishi Wamarekani kwamba ana pesa. Waliosadiki wakawa binamu zake.

Picha nayo ilikuwa na masharti: inchi mbili kwa mbili, nyuma peupe, na tangu Novemba 2016 miwani ni marufuku. Bila miwani Mhandisi haoni mlango. Studio ya mtaani, iliyozoea harusi, ikampokea kwa mikono miwili. Mpiga picha alimng'arisha ngozi, akamfuta baka la shavuni, akamwongezea nywele pale zilipoanza kukata tamaa, na kwa kuwa Mhandisi alikuwa akitazama upande usio na kamera, akamsogezea macho. Wakala alipoiona akasema huyu mtu ni mzuri, lakini siye wetu. Ikapigwa nyingine, halisi, yenye sura ya mtu aliyeamshwa na polisi.

Ile ya kwanza haikupotea. Amma aliipeleka kwa mshenga. Katika soko la ndoa, kijana mwenye viza ya Marekani hupanda bei, na hata mwenye miadi ya usaili huanza kutazamwa. Familia moja ya Vijayawada ikajibu kwamba imependezwa, ila ingependa kujua Fnu ni ukoo wa wapi. Mhandisi alipolalamika, Amma alimjibu kwa utulivu wa mwanasheria: "Si mnatafuta mafungamano? Nakutafutia la kudumu."

Kisha ukaja Juni 2025. Nafasi mpya za usaili wa wanafunzi zilikuwa zimesimamishwa kwa wiki kadhaa, na zilipofunguliwa tena ziliandamana na agizo: waombaji wa viza za masomo waweke kurasa zao za mitandao ya kijamii wazi kwa umma. Mhandisi alifungua zake usiku, akiwaza macho ya Washington. Macho ya kwanza kufika yalikuwa ya shangazi yake wa Warangal, alfajiri, kabla ya chai. Kulikuwa na picha za Goa. Kwa kumbukumbu za nyumbani, Mhandisi hakuwahi kwenda Goa. Wiki ile alikuwa Pune, kwenye semina ya akili bandia. Semina, ilionekana sasa, ilifanyika ufukweni, na washiriki walivaa kaptula na kushika chupa za kijani. Shangazi alizisambaza katika kundi la familia bila maneno, alama ya kuuliza tu. Baba, aliyekuwa bado kizimbani kwa ajili ya kiwanja, alifurahi kupata mwenzake.

Ulipofika wakati wa kumwachia Mungu, tulikwenda Chilkur, kando ya ziwa la Osman Sagar, kwenye hekalu la mungu Balaji, ambaye watu wote humwita Balaji wa Viza. Hekalu hilo halina sanduku la sadaka. Malipo ni miguu: ukiomba, unazunguka mara 11, ukijibiwa, unarudi kuzunguka mara 108. Kila eneo la India lina njia yake. Huko Punjab, kwenye hekalu la Kisikh la Talhan, waombaji walizoea kupeleka ndege za kuchezea. Huku Chilkur wengi walishika kadi za namba, wakitia alama kila mzunguko, midomo inacheza, na sikujua nani anasali na nani anakariri majibu ya usaili. Kazi yangu ilikuwa kukaa nje kulinda viatu vya ukoo. Mama yangu akapiga simu kutoka Tanga wakati huohuo kuuliza masomo yanaendaje. Nilipomweleza nilipo, alikaa kimya, kisha akanikumbusha kwamba chuo cha IIT Madras kimefungua tawi Zanzibar tangu 2023. "Wahindi wamekuja kwetu kufundisha, mwanangu. Wewe umekwenda kwao kulinda ndara?"

Asubuhi ya usaili Mhandisi alilishwa mtindi wenye sukari kwa ajili ya heri. Faili likapakatwa. Bibi akabariki kichwa cha Fnu wake. Amma alikuwa amekaanga pilipili kavu kwa ajili ya chatine, na mguu wa Mhandisi ulipogusa kizingiti, nikapiga chafya.

Msomaji asiyekulia kwa Watelugu hatajua uzito wa jambo hili. Chafya moja mtu akiwa anatoka ni mkosi unaojulikana kwa wote. Msafara mzima ukarudi ndani, ukaketi, ukanywa maji, ukangoja mkosi upite zake. Bibi alinitazama kwa jicho ambalo hata polisi wa uhamiaji hawajawahi kunitazama nalo. Tulipotoka tena nilikuwa nimezibwa pua na leso ya mtu mwingine.

Bibi ndiye aliyempa dereva maelekezo, kwa hiyo tulifika kwenye kasri la Paigah, Begumpet, mahali mpwa wake alipopatia viza. Ubalozi mdogo wa Marekani ulihama pale Machi 2023, ukaenda Nanakramguda, upande wa pili wa jiji. Dereva alitwambia hayo akiwa ameshazima injini, kwa upole, kama mtu aliyeyajua tangu mwanzo ila hakutaka kumkatiza mzee.

Tuliwahi kwa nukta. Mhandisi aliingia na faili lililojaa hati za kiwanja, dhahabu, miembe na barua ya kijiji. Alitoka upesi mno, hatujamaliza hata kugombana ni nani atakayelipa chai. Afisa alimwuliza kwa nini chuo kile, nani atalipa, na baba yake anafanya kazi gani. Akaandika kidogo kwenye kompyuta, akabaki na pasipoti, akamtakia masomo mema. Viza imepita.

Watu wakarukaruka. Amma peke yake alisimama.

"Faili hakulifungua?"

"Hakuliomba."

"Dhahabu? Kiwanja?"

"Hakuuliza, Amma."

"Na kurudi? Hakukuuliza kama utarudi?"

Mhandisi akatikisa kichwa. Jioni, chakula kikiwa mezani, Amma alisogeza bakuli pembeni, akaweka faili mbele yake, akakaa mkabala na mwanawe.

"Basi nauliza mimi. Utarudi?"

"Nina mafungamano madhubuti na nchi yangu, ya kifamilia na ya kiu..."

"Jibu kama mtu!"

"Nitarudi, Amma."

"Lini?"

"Nikimaliza."

"Ushahidi uko wapi?"

Mhandisi akanitazama mimi, mshauri. Mimi nikautazama wali.

Pasipoti ilipoletwa na viza yake, Amma aliipokea mwenyewe, akaifungia katika kabati la chuma pamoja na dhahabu na hati ya kiwanja cha Shamshabad, ambayo siku hizi ina jina lake. Mhandisi alipokwenda kuiomba aliambiwa ombi lake linachunguzwa, arudi akishakamilisha mizunguko 108, na aje na picha mbili, bila miwani.