Ng'ombe Aliyepotea Kwenye Flashi

Hapa kijijini kwetu Kigwa huhitaji kuambiwa kwamba umeme umekatika. Mashine ya kusaga inaguna, inavuta pumzi, inanyamaza. Mwimbaji wa bongo fleva pale kwa kinyozi anakatwa katikati ya "nakupenda". Halafu watoto wa kijiji kizima wanaitikia, "Aaaaah!" Ninayemhurumia zaidi ni yule aliyebaki kwenye kiti cha kinyozi na kichwa nusu. Wateja wangu hubaki na barua nusu, na barua nusu unaweza kupita nayo barabarani bila kuchekwa.

Nina steshenari: kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi inayokunywa wino bila haya, na yupiesi. Hiyo yupiesi kazi yake ni kunipa dakika chache za kusevu na kuzima mashine kwa heshima. Ilipokuwa changa ilifanya hivyo. Siku hizi inalia "pii" mara moja, kunitaarifu kwamba na yenyewe inaondoka, kisha inaondoka.

Wateja wangu wote wana flashi. Huyu kaifunga kwenye funguo za bodaboda, yule kaivaa shingoni, mama wa kwaya kaifundika kwenye ncha ya khanga pamoja na sadaka. Ndani ya flashi moja utakuta wasifu wa kuombea kazi, mapambio, filamu zilizotafsiriwa na madijei, muhtasari wa kikao cha wakulima wa tumbaku, na vile virusi vinavyoficha kila folda na kukuachia njia za mkato zisizofika popote. Flashi za kwanza zilizoingia sokoni mwaka 2000 zilibeba megabaiti 8. Wimbo mmoja au miwili, basi. Leo kijana wa bodaboda ananing'iniza gigabaiti 32 kwenye swichi ya pikipiki, na zote zimejaa.

Msimu wa mvua, mzee mmoja, katibu wa kamati ya harusi, alikuja na orodha ya michango. Makatibu wa harusi ni watu wa kuogopwa kuliko mgambo, na huyu alikuwa wa daraja la juu: kila jina lina safu ya ahadi, safu ya taslimu na safu ya maelezo. Kwenye maelezo aliandika mambo makali. "Anasema kesho." "Anasema kesho (tena)." Baba mdogo wa bwana harusi alikuwa ameahidi ng'ombe, ameahidi amesimama, mbele ya wakwe, akapigiwa vigelegele.

Tulikuwa tunaongeza majina mapya, faili likiwa limefunguliwa kwenye flashi yenyewe, upepo ukaja. Tawi la mwembe likaangukia waya. Miembe ya huku ni mikongwe, na wazee wanasema ilipandwa na watu wa misafara waliokuwa wakipita kwenda Tabora na Ujiji, kwa hiyo ukitafuta sana wa kumlaumu utajikuta umefika karne ya kumi na tisa. Tulikuwa katikati ya kusevu. Kioo kikawa cheusi. Yupiesi ikasema "pii".

Umeme uliporudi, ulirudi kwa mbwembwe: ukawaka, ukazima, ukawaka, ukazima. Huo ndio wakati mbaya kuliko giza lenyewe, na ndio wakati ambao kila mtu anataka kuchomeka flashi aone kama ipo hai. Nilikuwa nimeshaichomoa. Mzee akaniambia, "Binti yangu, irudishe, tuone." Nikamwambia, "Subiri mzee wangu, umeme bado haujaamua."

Ulipoamua, tukachomeka. Kompyuta ikatutangazia kwamba diski hii haisomeki na inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika. Ikatuuliza kama tunataka kuifomati. Ni swali la upole sana, na kitufe cha kukubali kimekaa pale kinang'aa. Nimeona watu wazima wakikibonyeza kwa kuitikia adabu tu, kwa sababu wameulizwa vizuri.

Nikakataa. Na hapo ndipo washauri walipoingia, maana steshenari yenye tatizo haikosi washauri. Mmoja akasema ipulizwe kwa mdomo. Wa pili akasema ipanguswe kwenye suruali, lakini suruali ya kitambaa, si jinzi. Mama aliyekuja kutoa kopi ya cheti akashauri iwekwe kwenye mchele, ingawa flashi haikuwa imeguswa na tone la maji. Kijana wa bodaboda akasema, "Ifomati tu dada, itapona." Alikuwa sahihi kabisa. Ingepona, ikiwa tupu.

Acha nieleze kinachotokea humo ndani, kwa sababu mzee naye nilimweleza, na alikuwa amewahi kuwa karani wa ghala la tumbaku. Nikamwambia: marobota yapo ghalani, ila leja imechanika wakati ukiandika. Umeme ulipokatika, karani alikuwa amefuta mstari wa zamani na hajamaliza mpya. Mzee akaelewa upesi kuliko kijana yeyote niliyewahi kumweleza.

Memori ya aina hii, ambayo mhandisi Fujio Masuoka aliibuni Toshiba huko Japani miaka ya 1980, ina tabia moja ya ajabu: haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima kwanza ifute fungu zima. Kwa hiyo kidhibiti kidogo kilichomo ndani huandika mambo mapya mahali pengine, kisha hubadilisha ramani yake ionyeshe yalipohamia. Juu ya hapo kuna jedwali la mafaili ambalo kompyuta inalitunza, na flashi nyingi bado zinatumia mtindo wenye asili ya mwaka 1977, usioweka shajara ya kazi iliyokuwa ikifanyika. Diski zinazoweka shajara, umeme ukirudi, husoma kurasa za mwisho tu, hukamilisha au hutupa kazi iliyobaki nusu, na kuendelea. Diski za mashine kubwa, zile za mabenki, nyingi zina kapasita zinazozipa nafasi ya kufumba jicho kumalizia sentensi. Flashi ya mnadani haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina kifuniko, nacho hupotea siku ya kwanza.

Nikachukua flashi nyingine, nikanakili ile mgonjwa yote kwa ujumla wake, pamoja na uharibifu wake. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa haraka ya kupona, kisha wakikosea dawa hawana cha kurudia. Halafu nikaiamuru kompyuta iikague ile nakala na kurekebisha leja. Ikasaga, ikasaga.

Wakati huo habari zilikuwa zimeshafika sokoni. Hazikufika kama zilivyotoka. Pale mlangoni zilikuwa "flashi imegoma". Kwa kinyozi zikawa "orodha imefutika". Kufika kwa wauza nyanya, michango yote ilikuwa imelipwa. Sijawahi kuona kijiji chenye furaha namna ile. Watu waliokuwa wakipita njia ya nyuma kumkwepa katibu walikuja mbele ya duka kumpa pole kwa mikono miwili. Mmoja alikumbuka kabisa siku aliyolipa, na mvua iliyokuwa ikinyesha. Baba mdogo naye alifika, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ni mtihani wa Mungu, na kwamba yeye binafsi hakumbuki kama ilikuwa ng'ombe au kuku.

Kigwa si mara yake ya kwanza kupoteza kumbukumbu za watu. Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, walipita hapa wakielekea Kazeh, yaani Tabora ya sasa, ambako walifika tarehe 7 Novemba. Katika msitu wa Kigwa mpagazi mmoja alibaki nyuma ya msafara. Wanyang'anyi wakampiga, wakamnyang'anya mzigo. Ndani yake mlikuwa na shajara, vitabu, wino na mimea ambayo Burton alikuwa ameikusanya njiani. Sidhani kama wale wanyang'anyi walikuwa na hamu na mimea iliyokaushwa. Huwa namfikiria yule mpagazi, anafika kambini na nundu kichwani, na kitu cha kwanza anachoulizwa ni karatasi.

Kompyuta ilipomaliza, ilitupa folda mpya, na ndani yake vipande visivyo na jina, vyenye namba tu, kuanzia sifuri. Kipande cha kwanza kilikuwa nusu ya pambio. Cha pili kikagoma. Cha tatu nikakibadilisha jina, nikakifungua, na mzee akavaa miwani.

Orodha ilikuwa nzima, isipokuwa majina mapya ya mwisho, ambayo wenyewe tulikuwa tumesimama nao. "Anasema kesho" ilikuwepo. "Anasema kesho (tena)" ilikuwepo. Mzee akashuka na kidole chake taratibu hadi kwenye jina la baba mdogo, akasoma kwa sauti ya kikao: "Ng'ombe mmoja. Dume." Nyuma yangu wale wa kutoa pole wakakumbuka kwamba wameacha vitu jikoni.

Mzee akalipa, akashukuru, akaniombea heri, akataka kuondoka na flashi ile ile moja. Nikamshika mkono, nikampa na ile ya pili. Mimi bei ya kuokoa faili nimeibandika mlangoni, na wateja sikosi. Chini yake nimeandika kwamba kunakili kwenye flashi ya pili ni bure. Huo mstari bado haujaniletea mteja.