Sifa za Neno Gumu

Waungwana, neno jepesi lisifuni nyinyi. Mimi nalisifu neno gumu, hasa lile la Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951 kilichowakondesha wanafunzi wa mkoa wa Mara kuliko ukata wa Januari.

Nasaba yake ni tukufu. Lililelewa pwani, likapanda bara hadi kusikoota mnazi. Huku likamkuta mtoto wa Bunda aliyeamka na Kijita, akanunua andazi kwa Kiswahili cha stendi, na darasani anangojewa na Kiingereza. Neno gumu halikumhurumia, lilimwambia, "Nibebe na mimi."

Tazameni adabu linayoleta. Darasa la Musoma lina kelele kama mwalo wa Mwigobero dagaa wakishushwa. Mwalimu akiandika ubaoni "buruhani" na kuuliza maana, kimya! Kila mmoja anatafuta kalamu ambayo haikupotea. Hapo mtoto wa bosi na mtoto wa mvuvi ni sawasawa, hakuna ajuaye. Usawa huo Azimio la Arusha liliutolea jasho tangu 1967.

Siasa nayo inalihitaji. Mgombea akiahidi "auni" jukwaani, watu hupiga makofi wakidhani ni mradi wa maji.

Wapo wanaotaka lifutwe, vitabu virahisishwe. Hao waende Butiama. Mtoto wa Kizanaki wa huko, aliyeanzia shule Mwisenge, Julius Nyerere, alikua akamvisha Shakespeare Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Angeyakimbia maneno magumu, Shakespeare angeishia kubisha hodi.

Kasoro ya neno gumu ni moja. Katika Kusadikika, nchi ile iliyoning'inia angani, mshtaki Majivuno alitisha mpaka mshtakiwa Karama aliposimama kujitetea, akawataja wajumbe walioteswa kwa kutumikia nchi yao, akina Buruhani, Auni na Kabuli. Neno gumu nalo hutisha mpaka kamusi ifunguliwe. Buruhani, kumbe ni uthibitisho! Auni ni msaada, kabuli ni kukubali. Ukuu wote umekwisha kwa mistari miwili ya kamusi.

Kwa hiyo watahiniwa wa Musoma, Bunda na Butiama, nawasihi: mkitaka neno gumu liendelee kutukuka, kamusi msiiguse. Kaeni nalo kwa heshima, mwaka hadi mwaka, katika kidato kilekile.