Jinsi ya Kutokuwa Janyatiti wa Mwisho

Mwaka 1292, mtunzi wa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, aitwaye Guiraut Riquier alitunga wimbo wa kulalamika kwamba alizaliwa amechelewa. Ngoma alikuwa ameikuta inavunjwa, na wenye kutuza wameshaondoka. Vitabu vikamshika neno lake, na hadi leo anaitwa trubaduri wa mwisho, mtu wa mwisho wa ukoo mkubwa wa watunzi walioimba kwa Kioksitani kwenye kumbi za watawala.

Neno hilo la "mwisho" nimelisikia sana huku kwetu Maseno, magharibi mwa Kenya. Akizikwa janyatiti, yaani mzee aliyejua kupiga nyatiti, kinubi chetu Waluo, hakosi mtu chini ya hema atakayetikisa kichwa na kusema: huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mimi sikubali. Mwongozo huu ni wako wewe usiyekubali pia. Ufuate hatua kwa hatua, wala usiruke hata moja, maana nyatiti itakusema mbele za watu.

1. Vua kiatu

Na soksi pia, hata kama ni asubuhi ya Julai na baridi ya Maseno imekukaba. Nyatiti haipigwi kwa mikono peke yake. Kidole gumba cha mguu huvaa pete nzito ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa nyatiti. Mguu hufungwa gara, yaani njuga. Vidole vinachuma nyuzi, pete inagonga, njuga zinalia, na mdomo unaimba. Umeketi peke yako kwenye kigoda kifupi, lakini aliye nyuma ya ua atadhani bendi nzima imefika.

Nyuzi ni nane. Wazee husimulia kwamba nne ni za siku ambazo mtoto wa kiume hukaa ndani baada ya kuzaliwa, na nne ni za siku za kumlilia mwanamume akifa. Kwa hiyo uzi ukikatika, usiseme tu "nitanunua mwingine." Umempunguzia mtu siku! Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile inayomvuta mbuta kutoka ziwani. Nunua ya akiba.

2. Mtafute jaduong', kisha unyamaze

Hakuna anayezaliwa janyatiti. Kuna anayekaa miguuni pa mzee mpaka mzee achoke kumwona, ndipo afundishwe. Ukifika, msalimie, mwite jaduong', yaani mzee, mtekee maji, umsikilize. Usiguse chombo mpaka uambiwe. Ukiambiwa, usiseme tayari unajua.

Ukiona safari ni ndefu, mkumbuke Eriko Mukoyama, ambaye sasa tunamwita Anyango. Alitoka Japani akaja Alego, Siaya, kujifunza kwa mzee Okumu K'Orengo, ingawa nyatiti kwa desturi ilikuwa chombo cha wanaume. Mzee alimkubali. Mtu wa Tokyo alifika Alego. Wewe wa Maseno nauli ya matatu haiwezi kukushinda. Na wewe dada uliyekuwa unasoma ukidhani mwongozo huu haukuhusu, rudi hatua ya kwanza uvue kiatu.

3. Jifunze majina kabla ya nyimbo

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kijana anakuja na vidole vyepesi na sauti tamu, lakini hajui nani ni mtoto wa nani. Janyatiti ni mtunza majina. Ajue kwamba Otieno alizaliwa usiku na Okoth mvua ikinyesha, lakini huo ni mwanzo tu. Ajue pia wuod (mwana wa) nani, nyakwar (mjukuu wa) nani, nyar (binti wa) wapi, wakwe ni akina nani, na nyumba hii ilihama kutoka wapi.

Mtihani wake mkuu ni matanga. Mfiwa hakuiti umpigie muziki tu, anakuita umwambie marehemu alikuwa nani, tena mbele ya watu waliomjua tangu utotoni. Ukimvisha marehemu ushujaa wa babu wa jirani, hutahitaji kuambiwa uondoke. Utatembea mwenyewe hadi mji jirani wa Luanda, gizani, nyatiti begani. Basi zunguka na daftari. Kaa na mama wazee, maana wao ndio wanaojua ni nani aliyeolewa wapi. Mwezi mzima wa majina kwa wiki moja ya nyuzi: hicho ndicho kipimo changu.

4. Kubali kukatizwa

Mahali pengine mwanamuziki akikatizwa huona ametukanwa. Kwa janyatiti, kukatizwa ndiyo kazi yenyewe. Mtu anasimama, ananyoosha mkono, anatoa pesa, na wimbo unasimama. Sasa ni zamu yake: anajisifu, anawasifu rafiki zake, anamsifu nyar fulani aliyemwacha nyumbani, analitaja ziwa, ng'ombe na kijiji chake. Hiyo ndiyo pakruok. Wewe unasikiliza kila neno, kwa sababu akiketi tu, unapaswa kuyachukua maneno yale yale na kuyafuma ndani ya wimbo, mdundo usipotee.

Trubaduri naye alikuwa na mlango wa namna hii. Mwisho wa wimbo aliweka ubeti mfupi uitwao tornada, na humo ndimo alimomtaja bwana aliyemlisha au bibi aliyempenda. Tofauti ni kwamba bwana wa Narbonne alisubiri mpaka mwisho. Wa kwetu husimama katikati, na akisifiwa vizuri husimama tena.

5. Dai malipo, na dai jina

Riquier alikaa takriban miaka kumi katika ukumbi wa Mfalme Alfonso X wa Kastilia, Hispania. Mwaka 1274 alimwandikia mfalme ombi refu, tena kwa mashairi. Jambo lililomuuma ni kwamba mtunzi, mpiga sarakasi na mchezesha wanyama wote waliitwa kwa jina moja. Aliomba kila mmoja apewe jina la kazi yake, na mtunzi bora apewe cheo cha juu. Jibu la mwaka 1275 lilitoka kwa jina la mfalme, na wataalamu wengi wanaamini kwamba hata jibu hilo alilitunga Riquier mwenyewe.

Fanya kama yeye. Wakikupigia simu kukualika, taja bei kabla hujataja saa. Nusu iingie kwenye simu kabla hujafunga njuga. Na mshereheshaji akikutangaza kama "burudani ya kienyeji", mshike mkono kwa upole, umfundishe neno moja: janyatiti. Sahani ya wali jikoni ni ukarimu, nasi tunaushukuru, lakini haijawahi kulipa karo ya mtoto.

6. Iache itembee

Usiifungie nyatiti kabatini kama hati ya shamba. Wapiga gitaa wa benga waliuchukua mchumo wake wakauweka kwenye nyuzi za chuma. Ndivyo D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alivyotikisa pande zote za mpaka na Shirati Jazz hadi ajali ya barabarani ilipomchukua mwaka 2006. Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa, aliibeba nyatiti hadi London akaipiga kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Akatoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Alifariki mwaka 2019, amesharudi nyumbani Kisumu.

Kothbiro maana yake mvua yaja. Kwa mtu wa Maseno hiyo ni habari ya kila alasiri: wingu linapanda, na ng'ambo ya barabara, Bunyore, wako waganga wa mvua wenye sifa ya tangu zamani. Wimbo wa kwetu ulifika kote huko ukiwa bado na harufu ya udongo wetu uliolowa.

7. Weka tarehe

Riquier alikuwa na tabia nzuri kuliko zote: nyimbo zake ziliwekwa tarehe, kuanzia mwaka 1254 hadi 1292. Tungo kama 100 zimetufikia, na 48 kati yake zina tuni zake. Ndiyo maana baada ya miaka mia saba tunaweza kutembea naye mwaka kwa mwaka, hadi kwenye malalamiko yake ya mwisho.

Sisi je? Shule ya misheni ilianza hapa Maseno mwaka 1906, na kalamu ikafika mapema kuliko sehemu nyingi. Lakini muziki wa kwenye pombe ulibaki nje ya ua wa shule, na wapigaji wengi wakazikwa na nyimbo zao. Wachache waliona hatari hiyo. Miaka ya 1960 Henry Owuor-Anyumba alizichunguza nyimbo za maombolezo za nyatiti, na mwaka 1968, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong, alidai fasihi simulizi ipewe nafasi yake katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Leo chuo kikuu kiko hapa hapa Maseno, na kila kijana ana kinasa sauti mfukoni.

Kwa hiyo Jumamosi hii usiende mikono mitupu. Chukua simu iliyojaa chaji, chukua kitu cha kumtuza mzee, na umwombe ruhusa. Mwulize jina lake kamili, la baba yake, na la mzee aliyemfundisha. Mwulize wimbo huu ulitungiwa nani. Taja mahali, taja tarehe kwa sauti. Kisha nyamaza, pete ianze kugonga.