Jinsi ya Kuipoza Bendi ya Roki Bila Kupigwa Chupa

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua wimbo una utaratibu wake: unaanza taratibu, waimbaji wanamaliza kisa chao, kisha sebene linaingia na viti vinabaki vitupu. Bendi za roki mbadala za Marekani na Uingereza hupita njia ya kinyume. Huanza na sebene, tena kwa miaka kumi mfululizo, halafu siku moja mwimbaji anavaa koti, anaketi kwenye piano na kuanza kisa. Mashabiki waliokuja kurukaruka wanabaki wamesimama, mikono hawajui waiweke wapi.

Mwongozo huu ni wa bendi iliyofika hapo. Pengine masikio yenu yanavuma hata usingizini, pengine gitaa limewachosha, pengine mmegundua tu kwamba kukaa kitini kuna raha yake. Sababu ni yenu wenyewe. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio, na chupa zikirushwa, tuombe ziwe za plastiki.

Hatua ya 1: Hakikisheni mliwahi kuwa wakali

Hapoi ambaye hakuwahi kuchemka. Arctic Monkeys, vijana wa Sheffield, walilitimiza sharti hili mapema. Albamu yao ya kwanza, *Whatever People Say I Am, That's What I'm Not*, ilitoka Januari 2006 na ndani ya wiki moja ikauza nakala zaidi ya 360,000 Uingereza, kiasi ambacho hakuna bendi iliyokuwa imekifikia huko kwa albamu ya kwanza. Nyimbo zilikwenda mbio, na habari zake zilikuwa za mabaunsa, teksi na vurugu za usiku wa mwisho wa wiki. Hiyo ndiyo akiba ya mapenzi mtakayokuja kuila baadaye.

Kabla ya kupoa, toeni hotuba ya kuapa kwamba hampoi. Februari 2014, kwenye tuzo za BRIT, mwimbaji wao Alex Turner alisimama akaeleza kwa kirefu kwamba roki haiendi popote. Ikizama itaibuka tena. Kisha akaidondosha maikrofoni sakafuni na kuwaambia wenye shughuli wamletee bili. Albamu iliyofuata aliitunga kwenye piano.

Hatua ya 2: Tafuteni ala msiyoimudu

Piano yenyewe ilitoka kwa meneja wake, aliyempa kama zawadi ya kutimiza miaka 30 mwaka 2016. Ilikuwa Steinway. Turner akaiweka katika chumba cha ziada cha nyumba yake Los Angeles, akajifungia nayo, na alipotoka alikuwa na habari za hoteli iliyojengwa mwezini. *Tranquility Base Hotel & Casino*, iliyotoka Mei 2018, inachukua jina la mahali chombo cha Apollo 11 kilipotua mwaka 1969. Ndani yake mna hata mgahawa wa taco, uliopewa jina kutokana na dhana iliyomo katika kitabu cha Neil Postman, mhakiki wa televisheni. Hoteli ya jaladani Turner aliijenga mwenyewe kwa kukata makaratasi magumu. Hakuna wimbo hata mmoja uliotangulizwa redioni kuwaandaa watu. Funzo kwa mameneja: msanii akifikisha miaka 30, mnunulieni saa.

Msio na meneja mkarimu, igeni mfano wa Peter Buck wa R.E.M., bendi ya Athens, Georgia. Buck alichoshwa na gitaa la umeme, akanunua mandolini, akawa anajifunza kuipiga mbele ya televisheni huku kinasa sauti kikizunguka. Aliporudia kusikiliza kanda, alikuta mtu anahangaika, anahangaika, kisha ghafla kuna wimbo, kisha anahangaika tena. Wimbo huo ni "Losing My Religion". Mwaka 1991 ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya Marekani, ingawa hauna kiitikio cha kueleweka. Faida ya ala msiyoimudu ni hiyo: huwezi kuringa kwa ufundi, kwa hiyo inakulazimu kutunga.

Hatua ya 3: Mshughulikieni mpiga drams

Hapa ndipo bendi nyingi hukwama. Mwimbaji akipoa anaitwa mshairi. Mpiga gitaa akipoa anaitwa msanii aliyekomaa. Mpiga drams akipoa anaulizwa kama anaumwa. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni zawadi. Nirvana walipojiandaa kurekodi kipindi cha *MTV Unplugged*, Novemba 1993, tatizo lilikuwa Dave Grohl, mtu anayepiga drams kana kwamba zina deni lake. Ilifikiriwa hata aachwe nje. Mtayarishaji wa kipindi, Alex Coletti, akamletea brashi na fimbo nyepesi zilizofungwa kwenye karatasi ya Krismasi. Grohl akazipokea, akazitumia, na kipindi kikanusurika. Tazameni hekima hiyo: ukimwambia mtu apunguze kelele atanuna, ukimfungia ukimya kwenye karatasi ya maua atasema ahsante.

Ya pili ni kumwachia atunge mwenyewe wimbo ambao hatapiga sana. "Everybody Hurts" ya R.E.M. kwa sehemu kubwa ilitoka kwa Bill Berry, mpiga drams wao. Mapigo yake kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mashine ya bei rahisi iliyokuwa imetulia pembeni. Berry aliona wimbo hauhitaji sana mikono yake, akaiweka mfukoni. Mpiga drams wa namna hiyo mkimpata msimpoteze. Wao walimpoteza mwaka 1997 alipoamua kuondoka, na hawakuwahi tena kuwa bendi ileile.

Ya tatu ni kumfukuza. Smashing Pumpkins walimwachisha Jimmy Chamberlin mwaka 1996 kwa sababu za dawa za kulevya, wala si za muziki, kisha wakatengeneza *Adore* ya mwaka 1998 kwa mashine na wapigaji wa kuazima. Ni albamu nzuri, ya majonzi na ya gizagiza. Waliokuwa wameinunua *Mellon Collie and the Infinite Sadness* kwa mamilioni waliisikiliza mara moja, wakaangalia jalada kuhakikisha hawakukosea bendi, na mauzo yakaporomoka. Mwaka 1999 Chamberlin alikuwa amesharudi kwenye kiti chake. Njia hii ina gharama. Tunaitaja tu ili mwongozo ukamilike.

Hatua ya 4: Ficheni amplifaya

Turudi kwa Nirvana, maana usiku ule mjini New York una somo jingine. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, alitaka jukwaa lipambwe kwa mayungiyungi na mishumaa, mithili ya msiba. Kipindi chenyewe kilikuwa cha magitaa makavu, bila umeme. Ndiyo maana ya jina lake. Cobain akaja na gitaa lake kavu, akalichomeka kwenye amplifaya na pedali zake za kila siku, akagoma kuziacha. Coletti, yule mtayarishaji wa kipindi, akaunda boksi la uongo na kulitega mbele ya amplifaya ili watazamaji wadhani ni spika ya kawaida ya jukwaani. Kwa hiyo usiku unaosifiwa duniani kote kwa upole wake ulikuwa na simba chini ya meza.

Tena kati ya nyimbo 14 walizopiga, 6 zilikuwa za watu wengine, na "Smells Like Teen Spirit", kibao kilichowatoa, hakikuguswa. Walioandaa kipindi walitarajia vibao. Wakapewa wimbo wa kale uliojulikana kwa sauti ya mwanamuziki wa zamani Lead Belly, na mwimbaji aliyeuimba hadi sauti ikapasuka.

Hapa niwaase kwa dhati kidogo, kisha turudi kwenye mzaha. Kelele ni mficha aibu mkubwa. Inamfunika mwimbaji aliyekosa pumzi, mstari uliotungwa ndani ya teksi, na mpiga besi aliyechelewa kuingia. Mkiipunguza, kila kitu kinasikika, pamoja na ukweli kwamba hamkuwa na la kusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo huo lazima mje nao wenyewe, studio hazikodishi. Bendi inayopoa kwa sababu imechoka hutambulika kufikia wimbo wa tatu. Bendi inayopoa kwa sababu ina neno la kusema hufanya kazi maradufu ya zamani, na haina mahali pa kujificha.

Hatua ya 5: Agizeni vayolini, kisha kaneni

Hakuna kinachotangaza ukomavu haraka kama kundi la watu wenye vayolini. R.E.M. walimpa kazi ya kupanga nyuzi za nyimbo nne John Paul Jones, mpiga besi wa Led Zeppelin. Ni ujanja wa hali ya juu: shabiki akilalamika kwamba mmelegea, mnamtajia Led Zeppelin naye ananyamaza.

Kumbukeni pia kukana kwamba mlikusudia kupoa. Albamu yenye nyimbo hizo, *Automatic for the People* ya mwaka 1992, ilianza na nia ya kupiga muziki wa haraka na mzito. Nia ilikuwa njema, nyimbo zikakataa. Zikatoka taratibu, nyingi zikizungumza habari za kufa na kupita kwa wakati, na albamu ikauzwa kwa mamilioni. Jina walilitoa kwenye kaulimbiu ya mgahawa wa mtaani kwao Athens, Weaver D's. Hivyo albamu yenye maombolezo mazito kuliko zote walizowahi kutoa imebeba ahadi ya kuhudumiwa chakula bila kucheleweshwa.

Hatua ya 6: Pesa hesabieni faraghani

Mtaambiwa mmejiuza. Msibishe hadharani, fungeni mlango kwanza. Goo Goo Dolls wa Buffalo, New York, walianza mwaka 1986 wakiwa bendi ya panki ya kelele tupu, mpiga besi Robby Takac akiimba sehemu kubwa ya nyimbo. Albamu zao za mwanzo zilipendwa na watu ambao wangetosha kwenye daladala. Mwaka 1995 mpiga gitaa wao John Rzeznik akaimba "Name" kwa sauti ya chini, na milango ikafunguka. Mwaka 1998 ukaja "Iris", uliotungwa kwa ajili ya filamu ya *City of Angels*, ukashika kilele cha chati ya redio ya Billboard kwa wiki 18.

Wenye msimamo waliuita usaliti. Waulizeni basi ni wangapi kati yao walinunua albamu za zile enzi tukufu. Mtu asiyekuwepo ukiwa na njaa huwa na uchungu sana akikuona umeshiba.

Hatua ya 7: Mpokeeni shabiki wa zamani

Atakuja. Fulana ya mwaka 2006 imembana tumboni, saa nne usiku kwa kawaida huwa amelala, na amelipia mtu wa kumwangalizia watoto. Anataka nyimbo za mbio, na anataka muwe na miaka 19, kwa sababu mkiwa na miaka 19 na yeye anayo. Kila mkipiga kinanda mnamkumbusha tarehe.

Msibishane naye, mwonyesheni takwimu. Arctic Monkeys anaodai waliharibika kwenye piano wana wimbo wa "I Wanna Be Yours", uliofunga albamu ya *AM* ya mwaka 2013, ile ile ya magitaa mazito anayoililia. Unakwenda polepole, na maneno yake msingi wake ni shairi la John Cooper Clarke. Kwenye Spotify umeshasikilizwa zaidi ya mara bilioni moja. Kitufe hakikosewi mara bilioni moja.

Baada ya kumwonyesha, mpeni haki yake. Mwaka 2023, kwenye tamasha la Glastonbury, bendi hiyo ilipanda jukwaa kubwa ikiwa imetoka kutoa *The Car*, albamu yenye nyuzi na mwendo wa sinema. Kuelekea mwisho wa shoo wakampigia "I Bet You Look Good on the Dancefloor" ya mwaka 2005. Shabiki akaruka. Kesho yake alimeza dawa za mgongo, lakini kinyongo kilikwisha.

Hatua ya 8: Mkishasamehewa, pandisheni sauti tena

Hatua hii ni ya hiari, na ni ya wale wanaopenda kuona binadamu alivyo. R.E.M., wakiwa wamesifiwa kwa upole wao, walirudi mwaka 1994 na *Monster*: magitaa ya umeme, amplifaya zinazotetemeka, kila kitu ambacho watu walikuwa wamekililia. Albamu ilipanda hadi nafasi ya kwanza. Miaka michache baadaye jalada lake la rangi ya chungwa lilikuwa limejaa kwenye maduka ya CD za mitumba kote Marekani, limerudishwa na watu walewale walioomba kelele.

Kwa hiyo mkipoa watalalamika, na mkichemka watazirudisha CD zenu. Pigeni mnachokisikia ninyi wenyewe, na malipo yenu yachukueni kabla hamjapanda jukwaani.