Kiswahili Gani Hicho?

Ntch! Sogeeni kivulini jamani, leo kuna neno limenikaa kooni.

Kijana wa boda ametusomea kwenye simu, hapa hapa stejini Lodwar, eti Kakuma ni neno la Kiswahili, na maana yake ni "pasipo popote". Nikamwambia rudia. Akarudia. Na si yeye aliyelitunga. Watu wa ng'ambo wamelinakili miaka na miaka, kila anayeandika habari za kambi ya wakimbizi ya Kakuma analiokota kwa mwenzake. Ntch! Kiswahili gani hicho? Kiswahili ndicho ninachonunulia unga, ndicho ninachombembelezea mtoto. Neno hilo halimo.

Limenichoma zaidi kwa sababu mwaka huu wote nimekuwa nikisoma habari za nchi zisizokuwepo. Jioni, joto likikataa kutoka ndani ya nyumba, natandika mkeka nje, nawasha tochi ya simu, nasoma hadithi za ajabu. Wenzangu hapa wananiambia hayo ni mambo ya watoto. Dukani nako ukiulizia riwaya, muuzaji anakuuliza: ya kidato cha ngapi? Kana kwamba mtu mzima hasomi mpaka awe na mtihani.

Basi niwaambie niliyoipenda kuliko zote: Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nakala yangu haina jalada. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliishona kwa uzi wa magunia, na kila ukiifungua mchanga unamwagika mapajani. Nchi yenyewe inaelea angani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na waziri Majivuno amemkalia kooni. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita: wanne walitumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Waliteseka njiani, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao. Nchi ikawatia gerezani.

Mzee mmoja hapa kijiweni alinisikiliza mpaka mwisho, akasonya, akaniuliza kama mwandishi huyo aliwahi kufika Lodwar. Nikajua anachokifikiria. Kitabu kilitoka mwaka mmoja tu kabla ya Mzee Kenyatta na wenzake watano kukamatwa na wakoloni. Watu sita! Kenyatta akapelekwa Lokitaung, na mwaka 1959 akaletwa hapa hapa Lodwar, akazuiliwa mpaka 1961.

Kusadikika hiyo nikaipeleka mpaka Kakuma, kilomita mia na ushee kutoka hapa. Kijana mmoja Mkongo akaisoma kwa sauti chini ya mti, wenzake wa Burundi na Sudan Kusini wameketi wanamsikiliza. Alipofika pale mjumbe anaporudi na kufungwa, akafunga kitabu, kidole kikiwa katikati, akanyamaza kitambo. Hakuna aliyemhimiza. Kambi ile imekuwepo tangu 1992, walipofika wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita. Hapo habari za njia na za kurudi nyumbani hazihitaji mkalimani.

Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert huyo huyo, niliimaliza usiku mmoja: ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na ndugu yao mwenyewe analazimika kuwachapa kila usiku. Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ilinirusha mpaka sayari ya mbali, na jina lake ukilikata vipande linakwambia wale ni sisi. Mkangi alikuwa mtu wa Pwani, na miaka ya 1980 serikali yetu ilimweka kizuizini.

Sasa turudi kwenye hilo "pasipo popote". Kakuma iko kando ya laga ya Tarach, mto wa msimu. Na bonde la Tarach ndipo wazee wetu Waturkana wanapoanzia kuhesabu: vijana wa kabila la Jie kutoka upande wa Uganda walimfuata fahali wa kijivu aliyepotea, nyayo zikawashusha bondeni, wakamkuta bibi Nayece anaokota matunda ya porini, na fahali yuko naye. Wakarudi kwao, wakaleta mifugo, wakakaa. Hao ndio sisi. Na kwenye Ziwa Turkana kuna habari za Lokerio, emuron, yaani mtabiri wetu, aliyenyoosha fimbo maji yakagawanyika, mashujaa wakavuka kwenda kuteka ngamia. Haya niliyasikia kwa nyanya yangu kabla sijajua kusoma, na nikimsoma Shaaban Robert namsikia nyanya, anavyonyamaza kidogo kabla ya jambo kubwa. Riwaya ya Kiswahili ya fahali yule nimeiulizia mwaka mzima, Lodwar na Kakuma, sijaletewa. Ntch! Hapo ndipo panaponiuma.

Nimemwambia kijana wa boda aweke simu mfukoni, nikampa Kusadikika. Mchanga umemwagika kwenye tangi la pikipiki. Abiria wake wa Kanamkemer keshapanda boda nyingine, naye bado ameinama pale, ananiuliza mjumbe wa kwanza alielekea wapi.